Uvimbe wa taya na sura ya Mara Kaskazini iliyoachwa nje

Anthony Epstein, mwanasayansi Mwingereza, alifariki dunia Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Mwezi uliofuata, virusi vinavyobeba jina lake vilitimiza miaka 60 tangu vitangazwe. Katika kumbukumbu nilizosoma zilizoandikwa juu yake zimo London na Kampala. Mara Kaskazini haimo, ingawa watoto wa eneo hilo, ambalo leo ni wilaya za Tarime na Rorya, walimeza dawa kwa miaka mitano ili dunia ipate jibu kuhusu chanzo cha saratani moja ya watoto. Siku hizi jina hilo linasikika zaidi kwa sababu ya mgodi wa dhahabu.

Kisa kinaanza na swali linaloonekana la darasani: uvimbe huu wa taya za watoto umetoka kwenye tishu gani? Kila mwanafunzi wa biolojia amekariri aina nne: tishu za kufunika, tishu unganishi, za misuli na za neva. Mfaransa Xavier Bichat alizihesabu 21 mwanzoni mwa miaka ya 1800, tena bila hadubini, waliomfuata wakazipunguza. Lakini kwa daktari wa saratani, tishu ndiyo inayoupa ugonjwa jina, na jina ndilo linalochagua dawa.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zote, juu na chini, kushoto na kulia, zilikuwa zimevimba na meno yanalegea. Hakuelewa. Muda mfupi baadaye, akizunguka wodini Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile ameketi nje na mama yake. Burkitt alianza kupekua mafaili. Akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine kwenye figo, ini au ovari.

Hapo ndipo majina yalipogongana. Kwa miaka mingi uvimbe huu ulikuwa umeandikwa kwa jina la kiungo ulikoonekana: ukiwa machoni, saratani ya jicho, ukiwa tumboni, saratani ya figo au ya neva. Burkitt mwenyewe, alipochapisha taarifa yake mwaka 1958, aliuita sarkoma ya taya, maana yake saratani ya tishu unganishi. Wataalamu wa patholojia wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, walivirudia vipande vya tishu kwenye hadubini. Walichokiona hakikutofautiana, kitoke kwenye taya au kwenye ovari: seli za zambarau zilizobanana, na katikati yake seli kubwa nyeupe zilizotawanyika kama nyota usiku. Zile za zambarau zilikuwa seli za limfu. Mwaka 1960 wakaandika kwamba ni limfoma, ugonjwa mmoja wenye makao mengi. Ilipofika 1969 Shirika la Afya Duniani likawa limechapisha maelezo ya tishu yake, na mabishano ya jina yakaisha.

Lakini chanzo chake? Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walizunguka Afrika Mashariki na Kusini kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakauliza hospitali baada ya hospitali. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, ukapungua milimani. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona virusi ndani ya seli za uvimbe zilizopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala.

Nadharia kwamba malaria inachangia ugonjwa huu ilihitaji kupimwa kwa watu, na waliopimwa ni watoto wa huku kwetu. Daktari Glen Brubaker wa Hospitali ya Shirati, ya Wamenonaiti, alikuwa ameshafuatilia wagonjwa wa Mara Kaskazini kwa miaka kadhaa. Kuanzia 1977 hadi 1982 vidonge vya klorokwini, dawa ya malaria, viligawiwa kwa watoto wa chini ya miaka kumi. Aliyewahi kuimeza anakumbuka uchungu wake na mwasho wa mwili usiotulia. Wazazi waliendelea kuwapa.

Malaria ilishuka, kisha ikapanda tena ingawa dawa ilikuwa bado inagawiwa. Limfoma ilishuka hadi 0.5 kwa kila 100,000 mwaka 1980 na 1981, ikarudi kwa kishindo hadi 7.1 mwaka 1984, miaka miwili baada ya ugawaji kusimama. Ushindi? Taarifa ya Geser, Brubaker na Draper ya mwaka 1989 ilikataa kusema hivyo, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza. Uaminifu huo nauheshimu kuliko ugunduzi mwingi unaopigiwa debe.

Leo mtoto wa Nkende, wilayani Tarime, mwenye taya lililovimba bado anahitaji kipande cha tishu kikatwe na kusomwa, na rufaa yake ni Hospitali ya Bugando, Mwanza, safari ndefu kwa mzazi wa kipato cha chini. Eneo lililoipa sayansi kiasi hicho linastahili mtaalamu wa patholojia na hadubini yake palepale Tarime. Linastahili pia historia yake iandikwe. Watoto wa klorokwini wamevuka miaka arobaini. Anayetaka kuisikia kwa vinywa vyao bado ana wa kuwauliza.