Nani Apime Mafanikio? Wataalamu Huru na Tathmini ya Miradi ya Jamii ya Kukinga Ugonjwa wa Moyo

Watetezi wa miradi ya afya ya jamii hudai kwamba mradi unaolenga mlo, sigara na shinikizo la damu la mkoa mzima haupimiki kama dawa, hivyo waendeshaji wake pamoja na wananchi ndio wanaofaa kuutathmini. Sehemu ya kwanza ya dai hili naikubali. Ya pili naipinga, na ushahidi wangu ni mradi uleule ambao watetezi hao huutanguliza: North Karelia, nchini Finland.

Kwamba sigara, lehemu nyingi na shinikizo la damu huchochea ugonjwa wa moyo, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwingine: vifo vikipungua, nani kavipunguza?

Mradi wa North Karelia ulianza mwaka 1972 chini ya Pekka Puska, baada ya viongozi wa mkoa huo kuiomba serikali msaada. Mkoa jirani wa Kuopio uliteuliwa kuwa eneo linganishi. Kufikia mwaka 1995, vifo vya ugonjwa wa moyo miongoni mwa wanaume wa miaka 35 hadi 64 vilikuwa vimepungua North Karelia kwa takriban asilimia 73. Takwimu hii hunukuliwa sana. Mwenzake hunukuliwa kwa nadra: katika Finland nzima upungufu ulikuwa takriban asilimia 65.

Waendeshaji wana jibu, nalo si dhaifu. Baada ya mwaka 1977 shughuli za mradi zilienezwa nchi nzima, kwa hiyo upungufu wa taifa nao ni tunda la mradi. Huenda ni kweli. Lakini maelezo hayo hayawezi kukanushwa na matokeo yoyote: pengo likipanuka, mradi umefaulu, likifinyika, mradi umeenea. Aidha, kulinganisha mkoa mmoja na mwingine mmoja ni kulinganisha vitu viwili tu, hata wakipimwa watu maelfu; Jerome Cornfield alikwisha kuonya kuhusu kosa la aina hiyo mwaka 1978. Mwaka 1987 Jukka Salonen, aliyeshiriki katika uchambuzi wa awali wa vifo hivyo, alihoji katika jarida la Lancet iwapo kweli mradi ulipunguza vifo. Swali hilo lilistahili kuulizwa mwaka 1972, na watu wasio na hisa katika jibu, wakati bado iliwezekana kuongeza maeneo linganishi na kuamua mapema ni matokeo gani yangehesabiwa kuwa kushindwa.

Wazo la waangalizi wa namna hiyo halikuwa geni. Nchini Marekani, kamati ya Bernard Greenberg ilikwisha kupendekeza mwaka 1967 kwamba majaribio makubwa ya tiba ya moyo yafuatiliwe na wataalamu wasiohusika nayo.

Wapo wanaohofia kwamba jopo la wataalamu wa namna hiyo litawapora wananchi mradi wao. Hofu hiyo inachanganya mamlaka mbili. Wananchi waamue la kufanya. Jopo lilinde namna ya kupima. Gharama nayo si kisingizio. Upimaji makini umewezekana hata vijijini Afrika Mashariki: utafiti wa SEARCH, uliopima huduma za VVU na shinikizo la damu, ulizigawa kwa nasibu jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya. Kiwango cha mwaka cha maambukizi mapya ya VVU kilishuka kwa asilimia 32 katika kipindi cha utafiti kwenye jamii zilizopata huduma kamili, lakini jumla ya maambukizi ya miaka 3 haikutofautiana na ile ya jamii linganishi. Udhibiti wa shinikizo la damu, kinyume chake, ulikuwa bora: asilimia 47 dhidi ya 37. Muundo uleule ulikataa dai moja na kuthibitisha jingine.

Kwa hiyo jopo huru liundwe kabla ya upimaji wa kwanza, lisilipwe na mradi, na liwe na kauli ya mwisho juu ya maeneo linganishi, mpango wa uchambuzi na uchapishaji wa matokeo, mazuri kwa mabaya. Yamkini hata hivyo baadhi ya miradi itabaki na utata. Lakini pasipo jopo hilo, serikali isikubali asilimia yoyote ya vifo vilivyopungua kuwa hoja ya kueneza mradi nchi nzima.