Andiko Linalonywewa

Mwaka 1931 Mwingereza Evelyn Waugh alichapisha Remote People, na humo Pemba ikasimuliwa kama mahali watu wanapokwenda kusomea uchawi. Wahakiki wetu humlaumu kwa dharau yake, na ni haki yao. Lakini mimi nashikilia lile neno kusoma. Kwetu Pemba mganga wa kitabu ni msomi, bwana, wala si mtu wa ngoma tu. Kitabu mashuhuri cha tiba pwani yetu ni Kitab al-Rahma, kinachonasibishwa na as-Suyuti, aliyefariki 1505. Humo mna habari za moto na baridi, ukavu na umajimaji: elimu ya Galen na Ibn Sina, ile ile iliyokuwa ikisomeshwa Padua katika karne ya 16. Mwanafunzi hunakili kitabu cha mwalimu wake kwa mkono, na pambizoni huongeza yake.

Matabibu wa Ulaya waliacha barua, nazo zimehifadhiwa. Nyaraka za Zanzibar nazo zina miswada ya Kiarabu ya tiba. Ila kombe je? Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Matini imeishia tumboni! Sasa wale wanaosema pasipo na andiko lililohifadhiwa hapana fasihi andishi, hili ambalo kazi yake ni kufutika wataliweka fungu gani? Na zile nadharia za msomaji tunazozikariri darasani, ipi imemtaja msomaji huyu, ambaye pengine hata alifu haijui?