Kipimo cha Kasongo

Mama wa Kampene, mkoani Maniema nchini Kongo, akishikwa na uchungu, njia yake inajulikana. Huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kwa muuguzi, na mambo yakizidi hupelekwa hospitali kuu ya zoni ya afya. Familia za wachimba dhahabu wa Pangi zimeuzoea mpangilio huo kiasi kwamba hakuna anayeuliza ulianzia wapi. Sehemu yake muhimu ilijaribiwa kusini mwa Kampene, mjini Kasongo, kwa fedha za umma za Ubelgiji.

Kasongo ilikuwa imekwisha kuona watafiti. Mwaka 1905 alifika Joseph Everett Dutton wa Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool. Yeye na mwenzake John Todd walikuwa wamethibitisha kwamba homa ya papasi huenezwa na papasi wenyewe, wadudu wanaojificha katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Homa hiyohiyo ikampata Dutton, akafariki Kasongo Februari 27, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha ugonjwa huo kikapewa jina lake.

Waliokuja mwaka 1971 walikuwa na swali la namna nyingine. Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ambako Pierre Mercenier na Harrie Van Balen walifundisha afya ya jamii, ilitaka kujua jinsi wilaya nzima inavyoweza kutibiwa kwa fedha kidogo na madaktari wa kuhesabika. Vikajengwa vituo vidogo vinavyoongozwa na wauguzi, kila kimoja kikiwa na watu wake kinaowafahamu, na hospitali moja ya kuwapokea wale walioshindikana. Kila hatua iliandikwa na kuhesabiwa.

Heshima ya Kasongo iko hapo: mradi ulikubali kuchapisha hata majibu yasiyoupendeza. Chukua kliniki ya wajawazito. Siku hizo muuguzi alimsimamisha mama ukutani, akampima urefu, akamuuliza kama aliwahi kupasuliwa au kupoteza mtoto wakati wa kujifungua, kisha akaamua kama yumo hatarini. Ilionekana busara tupu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1984 yalisema vingine: kati ya akina mama ambao mtoto alikwama njiani, asilimia 71 hawakuwa wametambuliwa mapema, na kati ya waliotiwa alama ya hatari, asilimia 90 hawakupata shida hiyo. Takwimu hizo za Maniema zilisafiri mbali. Miaka ya 1990 zilitumika duniani kuonyesha kwamba kubashiri hakutoshi, na kwamba kila mama anahitaji kufikia upasuaji wa dharura kwa wakati. Ni vigumu kutaja dawa mpya iliyotoka mkoani humo yenye uzito wa jibu hilo.

Si kila jibu lilikuwa sahihi. Mwaka 1981, katika jarida la The Lancet, timu ya Kasongo iliandika kwamba faida ya chanjo ya surua ilififia kadiri watoto walivyokua, kana kwamba aliyenusurika surua angechukuliwa na ugonjwa mwingine. Peter Aaby, aliyekuwa akifanya kazi Guinea-Bissau, alipinga, na uchambuzi wa mwaka 1995 uliojumuisha takwimu kutoka Zaire yenyewe, kama Kongo ilivyoitwa wakati wa mradi, ukampa nguvu: chanjo ilipunguza vifo vya watoto kuliko ilivyotarajiwa. Lakini kosa lililochapishwa pamoja na hesabu zake linaweza kusahihishwa na mwingine. Lililofungiwa kabatini huendelea kuua.

Katikati ya miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni za afya 306, kwa kufuata uzoefu wa Kasongo pamoja na ule wa Kisantu, Vanga na Bwamanda. Kampene leo ni mojawapo ya zoni 18 za Maniema. Anayetaka kujua fedha za utafiti zilizaa nini aanzie hapo, kabla ya kuhesabu makala na hataza.

Utafiti umerudi mkoani. Kuanzia Oktoba 2022, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, iliyoanzishwa mwaka 1984 na kuongozwa kwa muda mrefu na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilishirikiana na taasisi za afya za serikali ya Marekani kujaribu dawa ya tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru. Walishiriki watu 597. Agosti 2024 ikatangazwa kwamba dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Hata hivyo, waliokufa walikuwa asilimia 1.7 tu, wawe walipewa dawa au la, wakati kiwango cha kawaida nchini kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wagonjwa wote wa jaribio hilo walilazwa hospitalini, wakalishwa, wakanyweshwa maji ya kutosha, na vidonda vilivyoingia maambukizi vikatibiwa.