Mpini wa Pembe kwenye Upanga wa Bwana Harusi

Nashona majoho ya mabwana harusi, na familia huniletea upanga au jambia la babu tuone litakaaje na joho. Baadhi yana mpini wa pembe ya ndovu, tena uliopasuka, na swali ni lilelile: tutapata wapi kipande cha kuzibia?

Mimi ni mtu wa Nambilanje, Ruangwa, kwa hiyo pembe hizo nazitazama kwa jicho jingine. Karne ya 19 misafara ya Wayao ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikakata nchi za kusini hadi Kilwa Kivinje, na pembe. Watumwa pia, misafara hiyohiyo. Kilwa zikapakiwa kwenda Unguja, kisha Bombay, ambako nyingi zilichongwa bangili za mabibi harusi wa Kihindi. Nyingine zikavuka hadi Marekani kuwa vibao vya piano. Bibi harusi wa watu anang'ara, na kwetu ndovu wanaisha.

Na waliendelea kuisha. Sensa ya 1976 katika eneo la Selous na Mikumi ilihesabu ndovu zaidi ya 100,000. Ya 2013 ilikuta kama 13,000 tu. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku 1989, na Tanzania Bara sheria ya wanyamapori ya 2009 inamshika anayekutwa na pembe bila kibali. Basi usinunue pembe, hata ya ukubwa wa ukucha, na upanga wa urithi uulizie kibali kwanza.

Mara nyingi kinachopasua mpini ni chuma cha ndani: kikipata kutu huvimba. Joto na ukavu humalizia. Usiuloweke, usiuanike juani, wala usiusugue na jiki uwe mweupe. Umanjano ule ndio umri wake. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Ufa mdogo uache. Kipande kikipotea, fundi achonge mfupa wa ng'ombe aliyechinjwa, au mpingo wetu wa Lindi. Mpingo utaonekana mweusi, sawa, lakini mimi fundi cherehani sioni aibu ya kiraka kilichokaa vizuri.

Jambo moja la ibada: Mahanafi huihesabu pembe ya ndovu kuwa tohara, ila kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu huku pwani, ni najisi. Bwana harusi auvue upanga kabla ya kusali.