Mnyororo wa Utunzaji wa Vielelezo

Kesi ya wizi ina mwenye mali, atakayesimama mbele ya hakimu na kutaja alichoibiwa. Kesi ya unga, yaani dawa za kulevya, haina mtu wa namna hiyo. Ina kete zilizokutwa mfukoni mwa mtu, na swali moja ambalo wakili hodari haliachi: hizi zilizoletwa hapa ndizo zile zile zilizokamatwa? Kumbukumbu inayojibu swali hilo ndiyo wanasheria wetu wanayoiita mnyororo wa utunzaji wa vielelezo.

Kumbukumbu hiyo hufuata mpangilio wa wakati. Inaeleza nani alikamata, kitu kilifungwa vipi, kilihifadhiwa wapi, nani alimkabidhi nani, nani alikipima, hadi kinapopokelewa mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililieleza sharti hili katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, na uamuzi huo hunukuliwa mno kwenye kesi za dawa za kulevya. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye maandishi. Baadaye mahakama ikakubali kwamba hata maelezo ya mdomo ya mashahidi walioshika kitu hicho yanaweza kutosha, yakiaminika.

Wapo wanaosema mlolongo, wapo wanaosema mtiririko. Mimi nashikilia mnyororo. Kwenye mlolongo wa watu dirishani, mmoja akitoka waliobaki wanasogea na mambo yanaendelea. Mnyororo ukikatika, umekatika. Nalo neno utunzaji linafaa kuliko ulinzi, kwa sababu askari mwenye bunduki mlangoni hatoshi kama daftari ni tupu. Hata hivyo jina lisitudanganye. Katika Rufaa ya Jinai Na. 485 ya mwaka 2015, Mahakama hiyo hiyo ilisema si kila mara mnyororo unapokatika kielelezo kinatupwa. Kitu ambacho si rahisi kuchezewa wala kubadilishwa kinaweza kupokelewa. Gari lina namba ya chesisi. Unga mweupe hauna namba. Unaweza kupunguzwa, kuchanganywa, au kubadilishwa usiku mmoja na asubuhi ukafanana na ule wa jana.

Hapo ndipo mpelelezi binafsi anayefanya kazi na upande wa utetezi hupata kazi yake. Sinema zimetuzoesha kachero anayemvizia mtu akiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi, lakini kwenye kesi hizi kazi kubwa ni kusoma makaratasi. Tuchukue mfano wa kubuni: hati ya ukamataji mali ya Ijumaa inasema kete 62. Daftari la vielelezo la kituo linasema 60. Bahasha inafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali Jumatano, imeletwa na askari ambaye daftari halimtaji. Toka Ijumaa hadi Jumatano ilikuwa kwenye kabati gani, na ufunguo alikuwa nao nani? Lakiri ilikuwa nzima ilipopokewa? Shahidi huru aliyetia sahihi kwenye hati alikuwepo wakati wa upekuzi, au aliitwa baadaye kituoni? Mpelelezi humtafuta shahidi huyo, humhoji jirani, hulinganisha saa zilizoandikwa. Kielelezo chenyewe hakigusi. Akikigusa, naye ameingia kwenye mnyororo na atatakiwa kujieleza.

Kazini, wafanyakazi wanapopimwa dawa za kulevya, mambo ni yale yale, ila kielelezo huwa sampuli, mara nyingi mkojo. Marekani ndiko utaratibu huu ulikochambuliwa hadi kwenye kifuniko cha chupa, tangu Rais Reagan alipotoa amri mwaka 1986 kuhusu watumishi wa serikali kuu. Madereva wa malori, wakiwemo ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko huko, wanaujua. Mkojo unaotakiwa ni mililita 45 angalau. Joto lake linasomwa ndani ya dakika nne, na liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Pungufu ya hapo, huenda umeletwa kutoka nyumbani. Unagawanywa kwenye chupa mbili mbele ya dereva, karatasi ya lakiri inapita juu ya kifuniko hadi ubavuni, na dereva mwenyewe anaweka herufi za mwanzo za majina yake juu yake. Chupa ya kwanza ikionyesha dawa, dereva ana saa 72 kudai ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine.

Mwajiri anayeogopa ajali ana haki ya kuogopa. Dereva aliyelewa huua watu. Lakini ofisa rasilimali watu anayekusanya mkojo kwenye vikombe vya plastiki, akavipanga dirishani huku majina yameandikwa kwa peni inayofutika, hana ushahidi wowote mkononi, hata kama kipimo kinasema kweli. Mpelelezi atakayeajiriwa na mfanyakazi aliyefukuzwa hatahitaji hata kumuuliza mkemia.

Ukitakiwa kutoa sampuli kazini, usiondoke kabla chupa yako haijafungwa mbele ya macho yako. Soma namba ya lakiri, ilinganishe na iliyo kwenye fomu, ndipo utie sahihi, na nakala yako uende nayo.