Kuhitimu, Kufeli na Kudisko: Wanafunzi na Mabadiliko ya Kozi na Upimaji kutoka Mlimani hadi Bagamoyo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanafunzi wa elimu ya juu nchini Tanzania walivyoyapokea mabadiliko ya mpangilio wa kozi na upimaji tangu miaka ya 1960. Mkazo umewekwa kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ushahidi wa matukio umeambatanishwa na ushahidi wa msamiati. Hoja inayojengwa ni kwamba mjadala wa wanafunzi umehama kutoka swali la nini kifundishwe hadi swali la nani amefaulu, na kwamba uhamaji huo umeacha alama katika sarufi ya Kiswahili cha wanafunzi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Historia ya vyuo vikuu katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata sheria, kamati na viongozi. Mwanafunzi huonekana humo anapoandamana au anapofukuzwa. Baada ya hapo hutoweka. Matokeo yake ni kwamba mabadiliko ya mtaala na ya upimaji husimuliwa kana kwamba yalimwangukia mtu asiye na kauli. Simulizi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, yapo mabadiliko makubwa ambayo wanafunzi ndio walioyadai. Pili, hata pale ambapo hawakuulizwa, waliyajibu kwa lugha: waliunda maneno, wakayabadili maana, na kwa maneno hayo wakatoa hukumu juu ya mfumo. Makala haya yanazisoma aina hizo mbili za majibu kwa pamoja.

2.0 Kuhitimu kabla ya Alama

Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam ilikuwa na mifumo ya kupima elimu muda mrefu kabla ya chuo kikuu. Bagamoyo, mji ulio kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, ulikuwa na vyuo vya Kurani ambamo mwanafunzi alisoma mbele ya mwalimu, sura baada ya sura, mpaka akamaliza. Neno kuhitimu limetokana na mapokeo hayo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuikamilisha Kurani. Neno hitima ni ndugu yake. Aliyehitimu hakulinganishwa na mwenzake kwa tarakimu. Ama amekamilisha, ama bado. Na aliye bado alirudi kesho yake kuendelea.

Katika ngazi ya juu zaidi ilikuwapo ijaza, yaani idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi kufundisha kitabu fulani. Mfano mashuhuri wa thamani ya mfumo huo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Alifika Bagamoyo akiwa mtumwa kutoka bara, akaja kuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria na mwalimu aliyeheshimiwa pwani nzima. Elimu iliyothibitishwa na walimu ilimpa hadhi ambayo nasaba isingempa. Kwa upande mwingine wa mji, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 iliwapokea watoto waliokombolewa kutoka utumwani, ikawafundisha dini, kusoma na kazi za mikono. Hapo kipimo kilikuwa kazi yenyewe.

Ni muhimu kutambua kwamba msamiati rasmi wa upimaji katika Kiswahili cha leo umejengwa juu ya msingi huo wa zamani: mtihani, alama, daraja, shahada na mhitimu ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Shahada, kwa mfano, ni ushahidi: wapo wanaojua wanaoshuhudia kwamba fulani anajua. Maana hiyo ya ushahidi wa mtu kwa mtu ndiyo iliyokuja kutikiswa baadaye.

3.0 Mlimani: Wanafunzi Wanaodai Mabadiliko

Chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo kimoja cha sheria na kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha msomi wa Tanganyika huru kilikuwa kipimo cha London.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Bango mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Rais Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi 393, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Tukio hilo halikuhusu mtaala, lakini lilizaa swali la mtaala: chuo kinamfundisha nini kijana hata aione huduma kwa taifa kuwa adhabu? Mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, mkutano uliitishwa Mlimani kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Mwezi huo huo ulitoka waraka wa Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, ulioushutumu mtihani unaopima uwezo wa kukumbuka tu.

Kilichofuata hakikutoka juu peke yake. Mwaka 1967 wanafunzi wa mrengo wa kushoto waliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa ufupisho wa USARF, ukiongozwa na Yoweri Museveni, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo. Wanachama wake walisoma katika vikundi vyao nje ya ratiba, wakihudhuriwa na wahadhiri kama Walter Rodney, na wakadai kwamba sheria, uchumi na historia visifundishwe kama visiwa vilivyotengana. Mwaka 1969 madai hayo yalifika hadi kwenye mvutano wa wazi katika Kitivo cha Sheria. Mwaka huo huo walianzisha jarida la Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na umoja wenyewe.

Mabadiliko yalikuja kwa sehemu. Kozi ya pamoja ya taaluma za maendeleo iliwekwa kwa wanafunzi wa fani zote, na mwaka 1973 ikapata taasisi yake. Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii nacho kilianzisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kozi iliyounganisha jamii na mazingira ya Afrika Mashariki. Hata hivyo itakuwa kosa kuwachukulia wanafunzi kama kundi moja. Mwanafunzi wa uhandisi au tiba aliweza kuiona kozi ya pamoja kuwa mzigo juu ya mzigo, na aliyeingia chuoni ili apate daraja la kazi serikalini hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba daraja hilo ni zao la ukoloni. Waliodai mabadiliko walikuwa wachache waliojipanga vizuri.

Liko jambo jingine ambalo wanahistoria wa siasa hulipita haraka. Jarida la Cheche lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini maandishi yake yalikuwa hasa ya Kiingereza. Mjadala mkali kuliko yote kuhusu elimu ya mkoloni uliendeshwa kwa lugha ya mkoloni, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo washiriki, waliotoka nchi mbalimbali za Afrika na nje yake, walipimiwa nayo. Hivyo wanafunzi walifaulu kuyahoji maudhui ya kozi bila kuugusa mlango wake.

4.0 Idara ya Kiswahili na Mlango wa Lugha

Mlango huo uliguswa mahali pengine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa rasmi tarehe 1 Julai 1970, kulikuwa na Idara ya Kiswahili, na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilichoanza mwaka 1964 kikawa taasisi ya chuo kikuu. Mwanafunzi wa Idara hiyo alianza kufundishwa, kuandika insha na kufanya mtihani kwa Kiswahili. Badiliko hili la muundo wa kozi lilikuwa la kina kuliko lilivyoonekana, maana liligeuza swali la mtihani kuwa swali ambalo mzazi wa mtahiniwa angeweza walau kulisikia akalielewa.

Mwanzoni istilahi zilikuwa haba. Fonolojia, mofolojia, kiambishi na kirai ni maneno ambayo leo huandikwa bila kusita, lakini yalipitia madarasani yakijaribiwa, yakigongana na kuchujwa, kabla ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuyakusanya katika Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990. Mwanafunzi aliyekuwa akijibu maswali katika kipindi hicho alikuwa, kwa kiasi fulani, mshiriki katika ujenzi wa istilahi ambazo kwazo alipimwa.

Mfano huo haukuenea. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia kuanzia sekondari hadi chuo kikuu. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Idara ya Kiswahili ikabaki kisiwa, na nje yake Kiingereza kikaendelea kuwa sehemu ya kila mtihani bila kuandikwa kwenye karatasi ya maswali.

5.0 Kutoka Maudhui hadi Gredi

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilihamisha mkazo. Liliamua kwamba muhitimu wa sekondari afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, na kwamba tabia na kazi zihesabiwe pamoja na mtihani. Idadi ya wanawake waliojiunga ilishuka kiasi kwamba baada ya muda mfupi waliondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Hapa lilionekana funzo ambalo limejirudia mara nyingi: kipimo kinachotangazwa kuwa cha usawa huwaelemea watu kwa uzito tofauti.

Katika miaka ya 1990 mazingira yalibadilika kabisa. Uchangiaji wa gharama uliingia mwanzoni mwa muongo huo. Mlimani ukaanza mpango wa mageuzi ya taasisi mwaka 1994. Mfumo wa semesta na yuniti ukachukua nafasi ya mihula na ya mtihani mkubwa wa mwisho wa mwaka. Baada ya Bodi ya Mikopo kuanza kazi mwaka 2005, maendeleo ya masomo yalifungamana na fedha ya kujikimu, ile iitwayo bumu na wanafunzi. Tangu hapo mtihani mmoja ulioshindwa haukuwa tena suala la elimu tu. Ulikuwa suala la chakula na kodi ya chumba.

Lugha ya wanafunzi ililiweka jambo hili wazi. Mwenye mtihani wa kurudia ana sapu. Anayebeba somo hadi mwaka unaofuata amekeri. Anayesoma kwa bidii anapiga msuli. Anayekariri maandishi yaliyokwisha kutafunwa anategemea desa. Msemo wao maarufu, msuli tembo, matokeo sisimizi, ni tathmini kamili ya mfumo wa upimaji kwa maneno manne: unakiri juhudi, unakiri matokeo, na unakataa kwamba viwili hivyo vinalingana.

Neno kudisko linastahili kuchambuliwa zaidi. Tangazo la chuo husema kwamba mwanafunzi ameachishwa masomo. Kitenzi achishwa kina kauli ya kutendesha na ya kutendwa. Kinaashiria kwamba yupo aliyetenda, hata kama hatajwi. Wanafunzi husema amedisko. Umbo hili ni la kutenda, halina yambwa, na mtendaji wake wa kisarufi ni mwanafunzi mwenyewe. Chuo kimetoweka kwenye sentensi. Irabu yake ya mwisho -o nayo si ya kawaida kwa vitenzi vya Kiswahili, hata vile vya mkopo, ambavyo huishia zaidi kwa -i, -e au -u. Neno limebaki na sura ya mgeni, kama utaratibu wenyewe.

Linganisha na kufeli, mkopo wa zamani zaidi. Kufeli kumezoea nyumbani kiasi cha kuzaa felisha, na mwanafunzi mwenye malalamiko husema fulani amenifelisha. Kwa kiambishi kimoja tu mtendaji amerudishwa kwenye sentensi, na pamoja naye wajibu. Basi katika msamiati mmoja wa wanafunzi kuna mielekeo miwili inayopingana: kuupokea uamuzi kama ajali ya mtu binafsi, na kuudai kuwa tendo la mtu anayeweza kuulizwa. Kizazi cha 1969 kiliuliza swali la pili kwa makala na vikao. Kizazi cha semesta huliuliza kwa mofimu.

6.0 Bagamoyo: Kumpima Msanii

Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, kikirithi vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivyoundwa katika miaka ya 1960 na 1970. Miongoni mwa waliofundisha hapo ni Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba kutoka Ugogo, aliyefariki Desemba 2003. Ujuzi wake haukutoka kwenye shahada. Ulithibitishwa na waliomsikiliza, kwa namna inayofanana na ile ijaza ya zamani: aliyejua alimtazama aliyejifunza, akasema sasa umeweza.

Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na mafunzo yake yakapangwa kwa viwango vya kitaifa vya elimu ya ufundi, ambamo kiwango cha 4 na cha 5 ni vya astashahada na cha 6 ni cha stashahada. Faida yake haipaswi kubezwa. Mchezaji ngoma alipata cheti kinachotambulika mbele ya mwajiri, na njia ya kuendelea hadi shahada. Lakini moduli, krediti na kiwango ni dhana zilizofika zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza, wakati mdundo, mwitikio, madaha na mbwembwe ni dhana ambazo mwalimu na mwanafunzi wa ngoma huzizungumza kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Daraja halijajengwa baina ya seti hizo mbili za maneno. Ngoma huchezwa na kundi. Krediti huandikwa kwa jina la mtu mmoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba wanafunzi hawakuwa wapokeaji wa mabadiliko tu. Mlimani walidai maudhui mapya na wakayapata kwa sehemu, ila kwa lugha iliyowaacha wengi nje. Walipopoteza nafasi ya kuamua nini kifundishwe, walibaki na uwezo wa kuyapa majina yale yaliyowapata. Majina hayo yamechukuliwa kwa muda mrefu kama misimu ya kupita. Yanafaa kusomwa kama kumbukumbu, sambamba na mihtasari ya vikao vya Seneti.

Kwa wanaisimu, kazi iliyo mbele ni ya aina mbili: kukusanya msamiati huo chuo kwa chuo na kipindi kwa kipindi kabla haujasahaulika, na kuzipa dhana za upimaji maneno ambayo mpimaji na mpimwa wote wawili wanayaelewa. Bagamoyo ya zamani ilijua kwamba kuhitimu ni kukamilisha mbele ya shahidi. Chuo kinachompa mwanafunzi gredi asiyoweza kuielezwa kwa lugha yake kimempa hukumu bila shahidi, na hakipaswi kushangaa akijibu kwamba hakufeli, bali alifelishwa.