Kabla Hujainua Pikapu Yako, Soma Historia Kidogo

Wasee, juzi beshte yangu alinitumia picha ya Hilux imeinuliwa hadi unahitaji ngazi kuingia. Akaniuliza, "Si hata mimi nifanyie yangu hivi?" Nikamwambia tulia kwanza. Hapo kuna historia mbili, na sisi vijana tunazichanganya.

Ya kwanza ni ya huku kwetu. Mbio za Safari zilianza 1953, zikiitwa Coronation Safari kwa sababu Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara zilikuwa noma. Mwaka wa 1963 njia zilikuwa mbaya hadi magari 7 pekee yakamaliza. 1968, tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404. Na 404 haikuwa mnara. Ilikuwa gari ya kawaida ya familia, lakini chini ilikuwa imara: springi na shokomzoba zilimeza mashimo bila kulia.

Mwaka huo huo wa 1968, Toyota ikatoa Hilux ya kwanza kule Japani. Nyuma ilikuwa na springi za majani, vile vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ile ya kuvuta magurudumu yote 4 ilikuja 1979. Hadi leo, Hilux ya kazi unayoiona Kenya ikibeba viazi ama miraa bado inategemea majani hayo. Yakichoka, fundi anaongeza jani moja na gari inainuka kidogo. Kwetu basi, kuinua ilikuwa dawa ya mzigo. Hakuna mtu alikuwa anatafuta picha.

Historia ya pili ni ya Marekani. Kule Missouri, jamaa anaitwa Bob Chandler alichukua Ford F-250 ya 1974 akaanza kuiwekea matairi makubwa, yakawa tangazo la duka lake la vipuri. Akaiita Bigfoot. 1981 akarekodiwa akikanyaga magari mabovu shambani, watu wakapagawa. Ile sura ya pikapu ndefu tunayoikimbiza TikTok ina damu ya Bigfoot. Ilikuwa shoo, na kama shoo ilikuwa poa sana. Shida inaanza tukiileta kwa gari ya kazi.

Hii nasema kwa uchungu, kwa sababu mimi ndiye nilimshawishi anko wangu. Anabeba viazi kutoka Ol Kalou. Tukapeleka Hilux yake ya zamani kwa fundi mmoja, akaweka spesa mbele na majani magumu nyuma. Gari ikatoka imesimama kama askari. Nikapiga picha, likes zikaingia.

Wiki chache baadaye, tukiwa na mzigo, tunateremka na mvua, anko akakanyaga breki. Gari haikusimama pale alipozoea. Tuliingia mtaroni. Hatukuumia, lakini viazi vilimwagika na siku hiyo hakuniongelesha.

Fundi mwingine ndiye alituonyesha siri. Hilux nyingi za zamani zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa chuma chembamba. Nyuma ikishuka, valvu inajua kuna mzigo, inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Sisi tuliinua nyuma na hakuna aliyeirekebisha. Valvu ilidhani gari ni tupu, kumbe iko na magunia.

Kwa hivyo beshte yangu, jiulize hivi. Unabeba nini kila siku? Springi za mzigo mzito zitakurusha ukiendesha gari tupu. Inakukera tu kwamba mbele iko chini kuliko nyuma? Kiwanda kilifanya hivyo makusudi, ndiyo ukipakia gari ikae sawa. Ukisawazisha mbele halafu upakie, pua itaangalia mbinguni na taa zitamchoma macho dereva anayekuja.

Unaenda njia mbaya kweli? Basi inchi 2 zinatosha wengi, lakini ziwe za springi na shokomzoba zinazolingana, si spesa peke yake. Ukimaliza, fanya alainimenti, shusha taa, na uhakikishe mipira ya breki haijavutika. Ukiweka matairi makubwa, kumbuka spidi unayosoma itakuwa chini ya ile unayokimbia. Na usidanganywe: springi ngumu haziongezi uzito ambao gari iliruhusiwa kubeba.

Gari ikiinuka, uzito wake unapanda pia, na kona zinakuwa na hasira. Nowicki alishinda kwa gari iliyobaki karibu na ardhi.

Anko alirudisha yake chini. Picha bado iko kwa page yangu, sijaifuta. Wewe ungeinua? Niambie hapo chini, na useme unabeba nini.